Msimu Tuliokaa Kwa Mzungu

Tangazo alinitumia mdogo wangu Chacha. Picha saba na maelezo mafupi: nyumba ya kihistoria kando ya Mto Mara, imekarabatiwa kwa kufuata umbo lake la zamani, veranda ndefu inayotazama maji, sakafu ya mbao za awali, ngazi za mawe hadi ukingoni, shamba lenye miti ya kivuli. Inauzwa. Chini yake Chacha alikuwa ameuliza swali moja tu: "Dada, si ndiyo kwa Mzungu hii?"

Ndiyo yenyewe. Nilikwenda kuiona, si kwa nia ya kununua, maana uwezo huo sina, bali kwa sababu sikuweza kukaa nyumbani nikijua mlango wake uko wazi. Kijana aliyepewa kazi ya kuionyesha aliniamkia vizuri, akanitembeza chumba hadi chumba. Kila mahali palinukia vanishi. Tulipofika sebuleni akapiga sakafu kwa kisigino ili nisikie ubao ulivyo imara.

"Mama, mbao hizi ni zile zile za mwanzo," alisema. "Mafundi walizikuta chini ya tabaka jeusi, gumu kama saruji. Walilikwangua siku nyingi. Mpaka leo hatujui Wazungu walipaka kitu gani."

Nilicheka mpaka kijana wa watu akaona haya, ikabidi nimwombe radhi. Wazungu hawakupaka kitu. Yale yalikuwa mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu, na aliyeyapaka ni mama yangu mzazi, kwa amri ya mume wake, ambaye alikuwa bibi yangu.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, sentensi hiyo inahitaji maelezo. Bibi Nyangi alizaa mabinti watatu, hakujaliwa mtoto wa kiume, kisha mumewe akafa. Kwa Wakurya, mji, yaani kaya ya mtu, haufi kwa sababu hiyo. Mwanamke wa namna hiyo anaweza kuchukua ng'ombe walioletwa kuwa mahari ya binti zake, naye akaoa msichana. Watoto atakaowazaa msichana huyo ni wa mji ule, na mwenye mji ni yule aliyetoa ng'ombe. Ndoa hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Mama yangu, Bhoke, aliolewa hivyo akiwa bado mdogo, mdogo mno kwa macho ya leo, na hakuna aliyemuuliza kama anataka. Sitaki kulipamba jambo hilo. Nasema tu nilivyolikuta. Nilizaliwa katika mji ambao Bibi alikata shauri, mama akapika, na wote wawili wakalima. Baba yetu wa damu alikuwa mtu wa kuja na kuondoka, nasi hatukufundishwa kumngoja. Sikujua kwamba kuna kitu tumepungukiwa mpaka alipokuja mtu mwenye daftari.

Ninyi mliokuwa watoto wakati wa Operesheni ya kuhamia vijijini mnakumbuka jinsi miji ilivyohama. Kwetu tulikuwa juu, upande wa Kemambo, peke yetu na ng'ombe wetu wachache. Tukaambiwa tushuke, kijiji kipya kitakuwa karibu na mto, viwanja vimepangwa kwa mstari. Tulishuka kabla ya mvua, lakini mvua ikatuwahi kabla ya viwanja kugawiwa. Wale waliokuwa bado hawana pa kujisitiri wakaingizwa katika nyumba iliyokuwa imekaa tupu tangu uhuru: nyumba ya Mzungu aliyetafuta dhahabu upande wa Nyakunguru, asiipate ya kumtosha, akaondoka. Tulikuwa familia saba. Kila familia ilipata chumba. Sisi tulipewa sebule, na nadhani tulipewa kwa sababu mabati yake yalivuja kuliko ya vyumba vingine.

Bibi alisimama mlangoni, akakanyaga ubao mmoja, ukalia. Akakanyaga wa pili, nao ukalia.

"Sakafu inayolalamika ukiikanyaga si ya watu kulala," alisema. "Bhoke, leta mavi ya ng'ombe."

"Huu ni ubao, mama," mama yangu alijibu. Alimwita Bibi mama, kama mkwe anavyomwita mkwe wake.

"Nimeuona. Funika."

Mama alisiriba sebule nzima kwa mikono, akirudi nyuma kwa magoti, akichora nusu duara moja juu ya nyingine mpaka akafika mlangoni. Ilipokauka, pakanukia nyumbani. Wanawake wa vyumba vingine walikuja kuchungulia, wakacheka, kesho yake nao wakasiriba. Viroboto waliokuwa wakitoka katika nyufa za mbao walikwisha. Mchwa nao, nafikiri, walishindwa kupita, na ndiyo maana yule kijana leo ana ubao wa kupiga kisigino. Beseni kubwa jeupe lililokuwa chumba cha nyuma lilifanywa la kuloweka muhogo. Tundu la moto lililojengwa ukutani Bibi alilikataa kabisa, akisema moto wa pembeni ni moto ulionuniwa na watu. Tulipika verandani, tukiangalia mto ukipita na matope yake. Jioni viboko walikoroma chini ya ngazi za mawe kama wazee waliokula vizuri.

Nasema bila kuona haya kwamba ule ulikuwa msimu mzuri kuliko yote ya utoto wangu. Kule juu nilikuwa na Chacha tu, naye bado ananyonya. Kwa Mzungu nilipata watoto kumi na zaidi chini ya paa moja. Tuligawana mahindi ya kuchoma, tuligombana, tulipatana kabla mahindi hayajapoa. Kama mama yangu alikuwa na hofu wakati ule, mimi sikuiona.

Karani wa viwanja alifika asubuhi moja mvua ilipokatika. Alikuwa kijana kutoka mikoa ya kusini, mwenye suruali iliyokunjwa hadi magotini kwa sababu ya matope, na alikuwa na adabu. Aliweka meza verandani, akafungua daftari lake, akaanza kuita familia moja moja. Ilipofika zamu yetu, Bibi aliketi mbele yake bila kuambiwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mura," alijibu, kama tunavyomwita kijana. "Andika."

"Mkuu wa kaya ni nani?"

"Mimi."

"Mzee yuko wapi?"

"Alikufa."

"Pole sana. Basi, mjane." Akaandika. "Na huyu mama mwenye mtoto mgongoni ni binti yako?"

"Ni mke wangu."

Karani akaweka kalamu chini. Watu waliokuwa wamekaa kwenye ukuta wa veranda wakaanza kucheka, naye akadhani wanamcheka yeye. "Bibi, hii ni kazi ya serikali."

"Nami naijibu serikali. Nimemwoa."

"Mwanamke anamwoaje mwanamke mwenzake?"

"Kwa ng'ombe," Bibi alisema. "Kwenu mnaoa kwa nini? Kwa kuku?"

Kicheko kilipotulia, akasimama Wambura. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Bibi, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, na chumba chake kilikuwa kile kikavu cha mwisho. "Bwana karani, usipoteze muda wako," alisema. "Haya ni mambo ya kienyeji. Hawa ni watu wa kaka yangu. Niandike mimi kuwa mkuu wao, uwaweke wote chini yangu. Kiwanja kimoja, kazi imekwisha."

Nilimwona Bibi akikaza mkono juu ya fimbo yake. Hata mtoto wa umri wangu alielewa. Akiandikwa Wambura, ng'ombe ni wa Wambura, Chacha ni wa Wambura, na mji ambao Bibi alikuwa ameukataza kufa unakufa pale mezani, kwa wino.

Karani alisoma karatasi yake, akaisoma tena. Kisha akamgeukia mama. "Mama, kuna njia nyingine. Wewe ni mtu mzima na una watoto. Naweza kukuandika peke yako, upate kiwanja chako mwenyewe. Bibi ataandikwa kwa shemeji yake, atunzwe huko. Sikulazimishi. Kesho kutwa nitarudi kufunga orodha. Fikiria."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na kila mtu verandani alisikia. Mama yangu, ambaye hakuwahi kuulizwa neno lolote maishani mwake, alikuwa ameulizwa mbele ya watu.

Siku mbili zile ndizo ninazozikumbuka vizuri kuliko zote.  Mama alifua, alisaga, alimnyonyesha Chacha. Wanawake walimjia mmoja mmoja. Nilimsikia mmoja akimnong'oneza wakiwa wanaloweka muhogo: "Kiwanja chako, Bhoke! Mlango wako! Utalala ukitaka, utaamka ukitaka. Ningekuwa mimi ningekuwa nimeshaandikwa." Mwingine akasema: "Na yule mzee? Kwa Wambura hatapata hata uji wa moto." Mama alisikiliza wote wawili kwa uso ule ule.

Bibi naye hakumbembeleza. Alikuwa mkali kuliko siku zote. Alisema dagaa wana mchanga. Alisema moto una moshi. Jioni ya siku ya pili, tukiwa tunakula, alisema kitu kimoja tu, bila kuinua macho kutoka kwenye ugali.

"Bhoke. Ukitaka kwenda, nenda mchana. Watoto wakuone ukienda. Usiende kama mwizi, maana hukuiba kitu."

Mama alimega ugali, akala.  Nilijua kwamba mama akienda, nasi tutakwenda naye, na Bibi atabaki katika chumba kile kikavu kwa Wambura, akilaumu dagaa wa watu wengine.

Sasa niseme habari ya picha. Ukutani mwa sebule yetu palikuwa na picha iliyoachwa, ndani ya fremu yenye kioo kilichopasuka. Ilionyesha wanawake wawili wa Kizungu wameketi kwenye veranda ile ile. Mmoja mzee, kofia pana kichwani, fimbo mkononi, miguu mbali mbali kama mtu mwenye mji wake. Wa pili kijana, amempakata mtoto. Mwanamume hakuwamo. Nilikuwa nimeitazama picha hiyo tangu tulipoingia, na kwa akili yangu haikuwa na fumbo lolote: mwenye fimbo ndiye mume, mwenye mtoto ndiye mke, na Wazungu nao huoa kama sisi. Hata nilikuwa nimewaza idadi ya ng'ombe waliotolewa. Leo nadhani walikuwa mama mkwe na mkwewe, au shangazi aliyekuja kutembea. Lakini sikuwa na shaka hata kidogo, na siku ya tatu, karani alipoweka meza yake, niliona ni kosa la jinai kukaa kimya na ushahidi ninao.

Nilimshika mkono wa shati. "Bwana karani, njoo uone."

"Nione nini, mwanangu?"

"Hata Wazungu wanaoana hivyo. Ipo picha."

Alinifuata, nadhani kwa sababu alikuwa ameichoka meza ile kabla hajaanza kazi. Watu wakamfuata nyuma. Alisimama mbele ya ukuta, akainama, akatazama kupitia kioo kilichopasuka. Nikamwonyesha kwa kidole. "Huyu ndiye mume. Ana fimbo. Huyu ni mke wake. Na huyu mtoto ni wa mji wao."

 Kisha Bibi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Mbona huyo mume amekonda hivyo? Hapewi maziwa?" na sebule nzima ikalipuka. Karani alicheka mpaka akashika ukuta. Hata Wambura alicheka kidogo, kisha akajikumbuka. Nilidhani nimeshinda kesi. Sikushinda kitu, bila shaka. Lakini nimeona mara nyingi tangu wakati ule kwamba mtu aliyecheka nawe chumbani kwako hawezi tena kukuandika kama mgeni.

Tulirudi verandani. Karani akafungua daftari. Hakumtazama Bibi, wala Wambura. "Mama," alimwambia mama yangu, "umefikiri?"

"Nimefikiri."

"Nikuandike peke yako?"

Kiswahili cha mama kilikuwa kidogo, naye alikitumia kama mtu anayevuka mto kwa mawe, akitafuta jiwe moja kabla ya kuacha jingine. "Nilipozaa huyu," alisema, akimgusa Chacha mgongoni, "niliumwa. Damu haikatiki. Siku tatu. Huyu mzee Wambura ana ng'ombe wa mkokoteni. Tulituma mtu kuomba. Akasema ng'ombe wamechoka." Akatafuta jiwe jingine. "Huyu mama akanibeba. Mgongoni. Mimi mkubwa, yeye mzee. Akanibeba mpaka hospitali ya misheni. Akianguka, anakaa, ananibeba tena. Hakusema nimekutolea ng'ombe. Alisema, Bhoke, usilale."

Wambura akafungua mdomo. Mama hakumpa nafasi.

"Ng'ombe walichoka. Yeye hakuchoka. Andika aliyenibeba."

 Karani aliandika jina la Bibi juu, taratibu, kwa herufi kubwa, kisha chini yake la mama, langu, la Chacha. Alipofika kwenye safu fulani kalamu ikasimama. "Hapa wanataka uhusiano. Niandike nini?"

"Wewe ndiye umesoma," mama alimwambia.

Sijui aliandika nini. Nilipokuwa mtu mzima, kazi yangu ilipoanza kunifungulia makabati ya karatasi za zamani, niliitafuta orodha ile katika ofisi zote nilizoweza kufika. Sikuipata. Ningependa sana kumshukuru kijana yule. Angeweza kuandika jina la Wambura na kwenda kula chakula chake cha mchana, na hakuna mkubwa wake ambaye angemuuliza.

Namshukuru Bibi pia, ambaye ukali wake uliniudhi utoto mzima na kunisimamisha utu uzima wangu wote. Lakini zaidi namshukuru mama. Nimekutana na watu wengi waliosifiwa kwa uamuzi wao, wengi wao wakiwa na njia moja tu ya kupita. Mama yangu alikuwa na mlango ulio wazi mbele yake, kiwanja kikiwa na jina lake, na sababu nzuri za kupita, kwani Bibi ndiye aliyemchukua akiwa mtoto. Hakukana hilo. Aliweka mambo mawili mezani, la kuchukuliwa na la kubebwa, akayapima mwenyewe. Mimi nilidhani alibaki kwa ajili yetu. Miaka mingi baadaye nilimuuliza, naye akanishangaa. "Ninyi mngekuja na mimi popote," alisema. "Nilibaki kwa sababu niliulizwa."

Kiwanja chetu kilikuwa cha nne kutoka barabarani. Tulikwenda kukiona asubuhi, Bibi mbele na vijiti vya kupimia, sisi nyuma. Agizo lilikuwa kwamba nyumba ya mbele iangalie barabara kama nyumba zote za kijiji, na hiyo ingekuwa ya Bibi. Akaipima kwa hatua zake, akachomeka vijiti vinne, akatupa jiwe mahali pa mlango. Nyuma yake palibaki mahali pa nyumba ya mama. Kwa kawaida ya kwetu, mwenye mji ndiye anayechagua mahali pa nyumba ya mke na upande wa mlango wake. Mke huonyeshwa tu, akaanza kubeba udongo. Kule juu Kemambo, nyumba ambayo mimi nilizaliwa ndani yake ilikuwa imejengwa hivyo hivyo, mama akiwa bado hajafika.

Bibi alisimama katikati ya majani na vijiti vilivyobaki mkononi. Alikaa hivyo muda mrefu hata nikadhani amesahau hesabu zake.

"Bhoke," aliita. "Nyumba yako iangalie wapi?"

Mama akasimama. Alitazama barabara, akatazama upande wa mto, akageuka akatazama vilima tulikotoka. Alimpandisha Chacha vizuri mgongoni, akafunga tena kanga, na hakuharakisha hata kidogo. Kisha akanyoosha mkono kuelekea vile vijiti vinne vya nyumba ya Bibi.

"Iangalie ya kwako," alisema.